N Imepotea

Mlinzi wa choo cha soko letu tulimwita Madumu, na mimi ndiye niliyekaribia kumfukuzisha kazi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa sokoni hawakawii kulisimulia kwa namna yao, na namna yao ina chumvi nyingi.

Meza yangu ya mchicha iko hatua ishirini kutoka mlango wa choo hicho. Ukikaa hapo miaka tisa, tangu saa kumi na mbili asubuhi, unayajua mengi ambayo hukuuliza: nani tumbo linamsumbua, nani anaingia kupiga simu ili mkewe asisikie, nani anatoka bila kunawa kisha anakuja kukubonyezea mboga. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini macho hayahitaji cheti.

Kwa hiyo nilimwona Madumu tangu wiki yake ya kwanza. Alikuwa mtu wa miaka kama sitini, mfupi, mabega mapana kuliko mwili wake, na alitembea amelalia upande mmoja kama mkokoteni wenye gurudumu bovu. Choo alikisafisha vizuri, hilo sikatai. Kabla yake tulikuwa tunaingia tumebana pua kwa kanga. Alipokuja yeye, uliweza kuingia na kutoka huku unaendelea na mazungumzo. Hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Mtu hahangaiki hivyo na choo cha watu wote bila kuwa na lake.

Kwanza, hakutoa kiganja. Ukimsalimu anakunja ngumi na kukupa kifundo cha mkono, hata kama ametoka kunawa sasa hivi na povu bado liko kwenye kucha. Wengine wote sokoni tunafanya hivyo mikono ikiwa michafu, lakini yeye alifanya hivyo siku zote. Nikajiambia, asiyetoa kiganja ana alichokificha.

Halafu yale madumu yenyewe. Nyuma ya choo, chini ya mabati mawili, alipanga madumu ya manjano ya lita ishirini. Mkojo wa upande wa wanaume haukwenda shimoni. Alikuwa ameuwekea bomba ukawa unaingia humo. Dumu likijaa alilifunga kifuniko, akakizungushia mpira wa baiskeli mpaka kikakaza, akaandika tarehe kwa mkaa, na juu ya tarehe herufi moja: N. Kila asubuhi alipita akiinamia dumu moja moja, ananusa kifuniko. Akikosa harufu anatabasamu. Sasa wewe niambie, mtu anayenusa madumu ya mkojo halafu akatabasamu ungemwelewaje?

Kila Alhamisi ulikuja mkokoteni, ukayachukua yale ya zamani, ukaondoka. Muuza nyanya wa meza ya jirani, ambaye tunamwita Redio, alikuwa na jibu lake.

"Yanakwenda kwa mganga hayo, shoga. Mkojo wa wanaume mia ukichanganywa pamoja, unadhani ni kitu kidogo?"

"Kitu cha nini?"

"Ningejua cha nini ningekuwa hapa nauza nyanya?"

Nilicheka naye, lakini tangu siku hiyo nikawa nayahesabu madumu.

Miezi ikapita hivyo. Kisha binti yangu mdogo akaanza kusimama pale.

Nieleze kidogo. Nina mabinti wawili. Baba yao alifariki mdogo akiwa na miaka kumi na nne. Mkubwa aliingia chuo cha ualimu, mwaka wa kwanza haujaisha akarudi na begi na tumbo, na aliyempa hilo tumbo hatujamwona mpaka leo. Simlaumu mwanangu, ila tangu hapo nikawa kama kuku aliyechukuliwa kifaranga na mwewe. Hata kivuli cha ndege kikipita nasimama. Mdogo alikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wa pili chuo cha kilimo, na ndiye niliyemwekea macho yangu yote mawili.

Kila siku akitoka chuoni hupita sokoni kunichukua. Siku moja nikaona hakuja mezani moja kwa moja. Alisimama nyuma ya choo, kwenye mabati, na Madumu. Dakika kumi. Walikuwa wanacheka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alitoka pale amebeba dumu, amelifunika kwa gunia.

"Hilo nini?"

"Maji, mama."

"Nyumbani hakuna maji?"

"Maji ya zoezi la chuo."

Alilipeleka nyuma ya nyumba, karibu na matuta yangu, akaliweka kivulini na gunia lake juu. Niliona hilo, na niliona pia kwamba alianza kunawa mikono mara tatu tatu. Mimi huwa sipigi kelele, natafuta.

Nilikipata kijidaftari baada ya wiki kumi na moja, Jumatatu, ndani ya mfuko wa unga uliokwisha. Mtu haweki daftari la chuo kwenye mfuko wa unga. Nilisoma ukurasa wa mwisho, polepole, kidole chini ya mstari:

*Mzunguko wa N. Siku ya 28: bado. N imepotea kidogo. Mzee anasema kifuniko hakikubana. Mama asijue mpaka mwisho.*

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu ya jiko.

Kwanza nilidhani N ni mtu, jina la kijana fulani. Nikalirudia. Lakini mwanangu ni msomi, hawezi kuandika mtu "imepotea". Hata mimi wa darasa la saba najua mtu "amepotea". Kwa hiyo N si mtu, ni kitu. Kitu gani cha msichana kina mzunguko, kinahesabiwa siku ishirini na nane, na kikipotea mama asijue? Kuhusu kifuniko sitasema nilichofikiri.

Na mzee ni nani? Sokoni ni mmoja tu anayeandika N.

Jioni nilimkuta anamenya viazi. Sikutaka kumshtua, nikaingilia mbali.

"Mwanangu, mzunguko wako unaendaje?"

Kisu kilisimama. "Mama. Umejuaje?"

"Mimi ni mama yako."

"Nilitaka nikuambie mambo yakikamilika. Niliogopa utakasirika."

"Sijakasirika," nikasema, na mwiko nimeushika kama rungu. "Umechelewa siku ngapi?"

"Haujachelewa sana. Mzee anasema tusubiri mpaka siku ya thelathini ndiyo tuwe na uhakika."

"Mzee yupi?"

"Madumu, si unamjua. Yeye ndiye aliyenionyesha kila kitu, mama. Bila yeye nisingejua hata pa kuanzia."

Sikuweza kuuliza tena. Yeye akadhani kunyamaza kwangu ni ruhusa, akanishukuru kwa kumwelewa, akaendelea na viazi vyake huku anaimba.

Kesho yake nilifanya kosa ambalo mtu mzima hapaswi kulifanya. Nilimwambia Redio. Nilimwambia kwa sauti ya chini, nikamwapisha, naye akaapa kwa kaburi la mama yake. Baadaye nilikumbuka kwamba mama yake yuko hai na anauza mkaa.

Ilipofika saa nane mchana wauza samaki walikuwa wanajua. Saa tisa mshona viatu alinitazama kwa huruma. Na kama kawaida ya maneno, yalipokuwa yanazunguka yaliokota mengine: kwamba Madumu ameharibu mwanafunzi, kwamba mkojo ulikuwa wa dawa ya kuwavuta wasichana, kwamba alifukuzwa mahali pengine kwa hayohayo. Wanawake wakasema hawaingii tena kwenye choo chake. Alhamisi mwenyekiti wa soko, mtu mdogo wa mwili anayependa utaratibu kuliko chakula, alimnyang'anya Madumu funguo mbele ya watu, akatangaza kikao Jumamosi saa tatu. Kama hana la kujibu, ataondoka kazini siku hiyohiyo.

Madumu hakubishana. Alimkabidhi funguo akauliza swali moja tu: "Nani atayatazama madumu?" Nikaona, huyo, hata sasa bado anawaza madumu yake.

Ijumaa mchana binti yangu alikuja mezani na begi la chuo mgongoni. Nilikuwa na wateja wawili. Hakusalimu.

"Mama, nina mimba?"

Wateja walishika mchicha bila kuupima tena.

"Sauti," nikamwambia.

"Nauliza tu, maana soko zima linajua isipokuwa mimi. Nimeambiwa chuoni. Msichana ambaye hata hatusemezani amenipa pole."

"Si ulisema mwenyewe? Mzunguko, siku ya ishirini na nane, N imepotea."

Nilimwona anasoma kijidaftari upya, kwa macho yangu. Halafu uso wake ulifanya kitu katikati ya kucheka na kulia, na hakikuishia upande wowote.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwa mtu uliyemchoma. Ukamwangalie."

Madumu alikuwa nyuma ya choo, anafunga vitu vyake kwenye kipande cha turubai: ufagio, buti za mpira, kikombe. Aliponiona akasimama, akanipa kifundo cha mkono kama siku zote.

"Karibu, dada."

"Sijaja kukaribishwa," nikasema, maana hata hapo nilikuwa bado sijaachia. "Nataka unieleze wewe, si yeye. N ni nini?"

Alimtazama binti yangu, akaona hali, akakaa juu ya dumu. "N? N ni mzigo wangu."

"Mzigo gani?"

"Miaka kumi na minne nilikuwa mpagazi kwenye ghala la mbolea. Mfuko kilo hamsini. Sikujua kusoma, na mpaka leo sisomi vizuri, lakini kila mfuko niliouweka begani ulikuwa na herufi tatu kubwa hapa karibu na jicho. N, P, K. Siku moja nikamuuliza karani, haya ni majina ya wenye mali? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hicho ndicho chakula cha mmea, na cha kwanza ni N, nitrojeni, hiyo inayofanya jani liwe jani. Nikasema sawa. Nikabeba. Mifuko inapanda lori inakwenda mashambani, mahindi yanarudi mjini, watu wanakula. Mimi nabeba tu."

Alipapasa kiuno. "Mwaka wa kumi na nne kiuno kikagoma, ghala wakasema pole, nikapata kazi hii. Wiki ya kwanza nilikuta mboga ya maboga imeota yenyewe kwenye mfereji wa mkojo. Hakuna aliyeipanda. Majani yake kama masinia. Nikasimama pale na ufagio, nikajiuliza, huyu nani anamlisha? Ndipo nikaona. Ile mifuko yangu haikupotea. Ilikwenda shambani, ikaingia kwenye hindi, ikaingia kwa mtu, na mtu naye anaikojoa hapa. Ni mzigo uleule. Nimeubeba kwenda, sasa naubeba kurudi."

Nilimtazama binti yangu. "Ni kweli haya, au nawe unamsaidia kunizunguka?"

"Ni kweli, mama. Ndiyo inaitwa mzunguko. Mtu mzima akila, ile N karibu yote inatoka tena, nyingi kwenye mkojo. Ikirudi kwenye udongo, mmea unaichukua, nasi tunaila tena. Ukiacha dumu wazi inageuka hewa, inaruka. Ile harufu kali ya vyoo ndiyo N inaondoka."

"Ukiisikia puani, imekwishakimbia," Madumu akasema.

"Kumbe ndiyo maana unanusa."

"Ndiyo maana nanusa."

"Na inakwenda wapi ikiruka?"

"Sehemu kubwa ya hewa ni N hivyohivyo," akasema binti. "Sehemu nne kati ya tano. Lakini ikiwa hewani mmea hauwezi kuila. Ni maharage na jamii yake tu, yana vinundu mizizini, na ndani yake kuna bakteria wanaoikamata. Mengine yanasubiri iwekwe kwenye udongo."

Nilimwambia kwamba kuishi ndani ya chakula bila kuweza kukila ni adhabu. Madumu akasema P, ile herufi ya pili ya mifuko yake, ndiyo mkaidi zaidi, maana hiyo haijui kuruka; ikienda na mto imekwenda, na binadamu hubaki kuchimba mawe ili apate nyingine. Kwa mara ya kwanza niliona meno yake.

Lakini mimi ni mtu wa kurudi nyuma. "Sasa kilichokufanya uandike mama asijue ni nini? Mkojo wa sokoni unanihusu nini mimi?"

Binti akatazama chini. "Zoezi la chuo ni matuta mawili, mama. Moja la N, lingine bila. Tulikaa nalo dumu la kwanza siku thelathini limefungwa, ili vijidudu vife, tukalichanganya na maji, tukamwaga kwenye udongo kabla ya kupanda. Hakuna tone lililogusa jani. La pili limefikisha siku thelathini juzi. Hilo ndilo kifuniko chake hakikubana."

"Matuta ya wapi?"

"Yetu. Tuta la kushoto."

Tuta la kushoto. Lile ambalo mchicha wake ulikuwa mweusi kwa ukijani, mpana, unapeperuka kama vitenge kwenye kamba. Kwa wiki mbili nilikuwa nawaambia wateja kwamba mkono wangu una baraka.

"Na nimeuuza," nikasema.

"Na tumeula," akasema yeye. "Mwalimu amesema hauna neno. Nilijua tu kwamba ukisikia neno mkojo utang'oa yote kabla sijapima."

Alikuwa sahihi. Ningeng'oa na udongo wake.

Hapo ndipo nilipoiona hesabu ya kesho. Madumu peke yake hawezi kujitetea. Akisema N ni nitrojeni, nani atamwamini mlinzi wa choo? Binti akisema hana mimba, watasema anamfichia. Aliyeanzisha ni mimi, na atakayemaliza ni mimi. Lakini huwezi kueleza mzunguko ule nusu. Nikieleza kijidaftari nitaulizwa matuta, nikieleza matuta nitaulizwa mchicha ulikwenda wapi. Nina meza moja tu. Mteja wa mboga ni kama paka, akishachomwa na maji ya moto hata ya baridi anayakimbia.

Madumu aliona ninavyofikiri. "Dada, mboga zako sitazitaja," akasema. "Mimi nitapata choo kingine. Vyoo haviishi."

Ningependa kusema niliguswa. Ukweli ni kwamba nilimshuku. Nilijiuliza anataka nini kwangu kwa wema huo, kama ananitega ili nibaki na deni la moyo. Nikamuuliza hivyohivyo: "Na unapata nini?"

"Sipati. Nimezoea kubeba."

"Na kwa nini hutoi mkono?"

"Nikitoa mkono," akasema, "mtu anaupokea kwa adabu, halafu akigeuka anaufuta kwenye nguo. Nimewaona wengi. Naona bora niwapunguzie kazi."

Mimi mwenyewe, wiki ile ya kwanza, kabla hajaanza kukunja ngumi, niliwahi kuufuta.

Jumamosi saa tatu watu walijaa mbele ya choo kuliko siku ya sikukuu. Mwenyekiti alikuwa na meza, kiti na daftari la kikao. Madumu alisimama pembeni na mzigo wake wa turubai, tayari kwa safari. Binti yangu alisimama mbali nami. Tangu jana alikuwa hanisemeshi ila kwa lazima.

"Mlalamikaji ni nani?" mwenyekiti akauliza.

Redio akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda, shoga. Usimhurumie."

Nikaenda. Nikasema mwanangu hana mimba, hajawahi kuwa nayo, na mimi nilisoma kijidaftari chake bila ruhusa nikakisoma vibaya. Nikawaeleza neno mzunguko. Kulikuwa na wanaume pale, na sikuwahi kulisema neno hilo mbele ya wanaume, lakini nililisema, pande zote mbili za maana yake. Wauza samaki walicheka hadi mmoja akakaa chini.

"Sasa N ni nini?" mwenyekiti akauliza, kalamu juu.

Nikawaeleza kama nilivyoelezwa: mfuko begani, shamba, hindi, mtu, mfereji. Nikasema, kama Madumu alivyoniambia jana, yale madumu yanakwenda kwenye bustani ya miche ya miti nje ya mji, si kwa mganga, na anayetaka ahakikishe amfuate mwenye mkokoteni. Nikaona ningeweza kukomea hapo. Mwenyekiti alishaanza kuandika.

Redio ndiye aliyeuliza, na siwezi kusema alikosea. "Hayo matuta mawili ya mtoto yako wapi?"

"Nyumbani kwangu," nikasema. "La kushoto ndilo la N. Mchicha mliokuwa mnausifia hizi wiki mbili, ndio huo."

Sijui niwaelezeje kelele zile. Mwanamke mmoja alitema mate. Mshona viatu alisema yeye alijua, maana mboga ile ilikuwa tamu kupita kiasi. Redio alishika kifua.

"Yaani mimi nimekula mikojo ya wanaume wa soko hili?"

"Umekula mchicha," Madumu akasema taratibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Na mchicha ulikula kile ambacho kila mchicha unakula. Mbolea ya dukani, samadi ya ng'ombe, au ile ya pale nyuma, mzizi hauulizi imetoka kwa nani."

"Samadi ni ya ng'ombe," Redio akasema.

"Na ng'ombe anaitoa wapi, mdomoni?"

Walicheka wengi, hata waliokuwa wamekasirika. Hawakucheka wote. Mwenyekiti aligonga meza, akasema kikao kimeona Madumu hana kosa la maadili, funguo arudishiwe. Lakini kuanzia sasa madumu yazungushiwe ukuta wa mabati yasionekane, na muuza mboga yeyote anayetumia kitu hicho amwambie mteja kabla hajanunua. "Ukificha, meza inaondoka," akasema, na alikuwa ananitazama mimi.

Madumu alizipokea funguo, akamfungulia muuza mkaa aliyekuwa amebana tangu kikao kinaanza.

Siku hiyo niliwaambia wateja, mmoja mmoja, kama nilivyoagizwa. Wengi walirudisha fungu mezani kwa vidole viwili. Mwalimu mmoja alinunua mawili akauliza maswali mengi kuliko mtihani. Mteja wangu wa miaka saba alipita upande wa pili, akajifanya anatazama viatu. Kufika saa kumi na moja jioni nilikuwa na nusu ya beseni, majani yamelala.

Binti yangu alikuja kunichukua. Alisimama mezani, akatazama beseni. Nilisubiri aniambie ninachostahili.

"Nikatupe jalalani?" nikauliza mimi.

"Usitupe," akasema. Alilichukua beseni akajitwika. "Tutaufukia kwenye tuta la kulia. Utaoza, utarudi."

"Utarudi lini?"

Alifikiri kidogo, kama anahesabu. "Wiki sita hivi. Ukiacha kuchungulia."

Tukaondoka, yeye mbele na beseni, mimi nyuma yake, namtazama asijikwae.